Kifungu hiki kinajibu swali gani?

Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kusoma kifungu cha habari kuanzia juu hadi chini bila kukwama, akajibu maswali matano yaliyo chini yake na kupata yote, na bado asijue mwandishi alitaka kumwambia nini. Nafundisha Kiswahili na Maarifa ya Jamii katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga, na jambo hili linanisumbua kuliko utoro, kuliko uhaba wa madawati. Mtoto ameshajua mbinu: anachukua neno lililo kwenye swali, analitafuta kwenye kifungu, akiliona ananakili sentensi nzima. "Zao la mkonge liliingia nchini mwaka gani?" Anapitisha kidole, anakutana na 1893, kazi imekwisha.

Sasa mwambie aandike. Mpe swali linaloanza na "kwa nini", mwachie ukurasa mmoja. Madaftari mengi yatafunguka kwa sentensi hii: "Mkonge ni zao muhimu sana la biashara katika nchi yetu." Zitafuata faida tatu, na mwishoni "natoa wito kwa serikali". Ukiondoa mkonge ukaweka maji, au misitu, au elimu, insha inabaki ileile. Watoto hawa si wazembe hata kidogo. Wamefundishwa umbo moja la insha, wakalishika vizuri, na wanalitumia kwa kila kitu kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba maandishi yana miundo mingi na kila muundo una kazi yake.

Wapo walimu wenzangu wanaoamini kwamba uchambuzi ni mambo ya sekondari, tena kidato cha tatu kwenda juu. Nawaheshimu, ila kwa hili sikubaliani nao. Juzi tangi la maji la shule lilikutwa kavu asubuhi. Kabla kengele ya mstarini haijagongwa, watoto walikuwa wameshagawanyika. Huyu anasema darasa la tano waliacha bomba wazi. Yule anasema gata imeachia, maji ya mvua hayaingii. Binti mmoja akawakatisha: "Jana jioni nililigonga, nikasikia lilikuwa nusu. Kwa hiyo si gata, yametoka usiku." Huo ni uchambuzi kamili: kuna hoja, kuna ushahidi, kuna kukataa sababu isiyolingana na ushahidi. Akili ipo. Kinachokosekana ni daraja la kuitoa pale penye tangi na kuileta kwenye karatasi.

Daraja ninalotumia ni swali moja. Sianzi kwa kuwaambia watoto majina ya miundo: mfuatano wa matukio, chanzo na matokeo, mlinganisho, tatizo na suluhisho, maelezo. Nimeona majina hayo yakikaririwa na kusahaulika kabla ya likizo. Naanza na hili: kifungu hiki kinajibu swali gani? Na natofautisha swali hilo na lile tulilozoea la "kifungu kinahusu nini". Ukiuliza kinahusu nini, vifungu vyote vya mkonge vinapata jibu moja, "kinahusu mkonge", na hapo hujajifunza kitu. Ukiuliza kinajibu swali gani, mtoto analazimika kuangalia sentensi zote kwa pamoja na kuona zinaelekea wapi.

Nimechagua mkonge kwa sababu umetuzunguka. Wazazi wa baadhi ya wanafunzi wangu wanafanya kazi mashambani, wengine wana ekari zao. Mababu wa baadhi yao waliletwa huku kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengine kutoka mbali kabisa, Kigoma na kwingineko, wakaishi kambini. Hakuna haja ya kumweleza mtoto wa hapa korona ni kitu gani; anaujua mtambo ule wa kuponda majani ya mkonge kwa harufu kabla hajauona. Mtoto anapokuwa anaijua mada, nguvu zake zote zinakwenda kwenye muundo.

Niliandika vifungu vinne mwenyewe, kwa maka peni, kwenye karatasi za manila, nikavibandika ukutani. Cha kwanza kinasimulia jinsi mkonge ulivyofika: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani, ikasafirishwa kupitia Hamburg, ilipofika Tanga, miche 62 tu ndiyo iliyokuwa hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na kutoka hapo mashamba yakaenea. Cha pili kinaeleza kudorora kwa zao hilo. Cha tatu kinalinganisha kamba ya katani na kamba ya plastiki. Cha nne kinazungumzia mabaki: singa, yaani nyuzi zenyewe, ni kama asilimia nne tu ya uzito wa jani, kinachobaki ni maji machafu na makapi, na kule Hale, wilayani Korogwe, makapi hayo yaliwahi kugeuzwa kuwa gesi ya kuzalishia umeme.

Chini ya kila manila niliacha nafasi wazi. Makundi yanazunguka, yanasoma, yanaandika swali. Kundi la kwanza kufika kwenye kifungu cha nne waliandika "Mabaki ya mkonge ni nini?" Kundi lililofuata likasoma, likakataa, likaandika chini yake: "Mabaki yanasumbua nini na tufanyeje nayo?" Wakaanza kubishana mbele ya ukuta. Niliwaacha. Kundi la pili lilikuwa na hoja nzuri: kama swali lingekuwa "ni nini" peke yake, ile sentensi ya umeme ingekuwa haina kazi. Kipimo hicho nimekichukua, sasa ndicho tunachotumia kila siku. Swali lililo sahihi ni lile ambalo haliachi hata sentensi moja ya kifungu ikikaa bila kazi.

Majina yanakuja baada ya hapo, tena kwa urahisi. Swali la "ilitokeaje, hatua kwa hatua" tunaliita mfuatano. Swali la "kwa nini" tunaliita chanzo na matokeo. Mtoto anakuwa na chumba tayari, jina linakuja kuandikwa mlangoni tu.

Mwalimu wa taaluma aliniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwamba mtihani wa taifa wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu, sasa haya yote ya nini. Nilimfungulia karatasi za zamani. Kwenye ufahamu kuna lile swali la kichwa cha habari kinachofaa, na huwezi kulijibu kwa kunakili sentensi. Na kwenye utungaji watoto wanapewa sentensi zilizovurugwa, wazipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D ili zilete mtiririko wenye mantiki. Hilo ni swali la muundo wa maandishi, limekaa kwenye mitihani yetu miaka mingi, na tumekuwa tukiwafundisha watoto kulibahatisha.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nakata manila kuwa vipande virefu, kila kipande sentensi moja. Kundi la watoto wanne au watano linapata bahasha. Sentensi zenyewe ni hizi, nimeziweka kwa mpangilio wake:

Majani ya mkonge yaliyokomaa hukatwa na kufungwa matita.
Matita hayo hupakiwa kwenye trela na kupelekwa korona.
Huko mashine huyaponda na kuyakwangua huku maji mengi yakimwagwa, zikabaki singa.
Singa hizo huanikwa juani, hupigwa brashi, kisha hufungwa marobota.

Mwanafunzi aliyezoea kubahatisha anatafuta "kwanza" na "kisha". Anaona "kisha" kwenye kipande kimoja tu, anakiweka mwisho, vilivyobaki anavipanga kwa macho. Ninachowafundisha ni kufuata nyuzi. Lugha yetu imetupa nyuzi nyingi sana, na sarufi tunayoifundisha Jumatatu kama kitu cha peke yake ndiyo inayofanya kazi hapa. "Hayo" hawezi kusimama peke yake, lazima kuna matita yaliyotajwa kabla. "Huko" anadai mahali. Mahali pekee ni korona. "Hizo" anadai singa. Tunachora mstari kwa chaki ya rangi kutoka kwenye neno linalorejelea hadi kwenye kinachorejelewa, na kipande kinaingia mahali pake chenyewe.

Siku moja kijana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huandika mistari miwili akaweka kalamu chini, alisimama akauliza: "Madamu, hapa 'huyaponda', mashine inaponda majani au matita? Yote ni ya." Darasa lilicheka, mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa ameona kitu cha kweli. Majani na matita yote yamo kwenye ngeli moja, kwa hiyo kiambishi "ya" hakituambii ni kipi. Nikamuuliza, sasa tutajuaje? Akafikiri, akasema: "Tita linafunguliwa kwanza. Baba anafungua kamba ndipo yanaingia." Kwa hiyo ni majani. Sarufi ilimfikisha hadi mahali fulani, kisha akahitaji kujua kazi yenyewe inavyofanyika ili amalizie. Hivyo ndivyo msomaji mzuri anavyosoma. Tangu siku ile kijana huyo anakaa mbele, amehama mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo mabango yetu ya ukutani hayalisemi. Mabango huorodhesha viunganishi: kwa sababu, kutokana na, hivyo, kwa hiyo, na kusema ukiviona ujue ni chanzo na matokeo. Vinasaidia, sikatai. Lakini Kiswahili kinaweza kubeba chanzo na matokeo bila kiunganishi chochote. "Bei ikashuka, wafanyakazi wakapunguzwa." Hakuna "kwa sababu" hapo, kuna "ka" tu, na kila msomaji anaelewa kwamba la pili limeletwa na la kwanza. Halafu soma hii: "Mvua ikanyesha, mwalimu akaingia darasani." Ni "ka" ileile, lakini mvua haikumleta mwalimu. "Ka" inapanga matukio. Kuamua kama tukio moja limezaa lingine ni kazi ya msomaji. Watoto wanalielewa hili haraka ajabu, wakishaonyeshwa, na wanaanza kuwinda mifano kwenye vitabu vyao vya kiada.

Na hapo ndipo uchambuzi unapozaliwa. Hiki ndicho kifungu changu cha pili:

"Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa kuzalisha mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Katika miaka hiyo kamba za nyuzi za viwandani zikaanza kuenea Ulaya na Marekani. Bei ya katani ikashuka. Mwaka 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwaka huohuo serikali ikachukua mashamba mengi ya mkonge. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000 kwa mwaka."

Niliuliza: kwa nini mkonge ulidorora? Mvulana mmoja akajibu bila kusita kwamba ni Azimio la Arusha, kwa kuwa mashamba yalichukuliwa na baada ya hapo uzalishaji ukashuka. Nusu ya darasa ilikubali. Binti wa safu ya dirishani akasema hapana, bei ilikuwa imeshashuka kabla. Nilichora mstari ubaoni, nikaweka miaka, nikawaita waje kuweka kila tukio mahali pake. Kisha nikauliza swali ambalo nadhani ni muhimu kuliko yote ninayouliza mwaka mzima: nionyesheni kwa kidole, ni sentensi gani inayosema kwamba kuchukuliwa kwa mashamba ndiko kulikoshusha uzalishaji?

Wakasoma tena. Wakarudia. Mvulana yule akasema taratibu: "Haipo." Na inayosema kwamba kamba za viwandani ndizo zilizoshusha bei? "Haipo pia, Madamu. Kuna 'ikashuka' tu." Kifungu kilikuwa kimeweka matukio kwenye mstari, na wao ndio waliojaza "kwa sababu" vichwani mwao. Hilo la kamba za viwandani na bei lina msingi, nikawaambia, vitabu vya historia ya uchumi vinalithibitisha. Hata hilo la uendeshaji wa mashamba baada ya 1967 linatajwa, pamoja na mashamba yaliyozeeka bila kupandwa upya. Lakini kifungu kilicho mbele yenu kimewapa nini, na nini mmekiongeza wenyewe?

Suala la kupandwa upya lilifungua mlango mwingine. Binti ambaye wazazi wake wanaishi kambini alisema: "Mkonge ukitoa mlingoti, umekwisha. Usipopanda mwingine, shamba linakufa lenyewe." Mlingoti ni lile shina refu la maua. Binti huyo hajalisoma hilo mahali, analiona kila siku. Mwingine akarudi nyumbani, akamuuliza babu yake, akaja kesho yake na maneno ya babu: kwamba bei ilipoanguka watu walipunguzwa kambini, wengine wakarudi kwao, wengine wakabaki kulima mihogo. Tukatumia karibu kipindi kizima kujadili: maneno ya babu ni ushahidi? Ndiyo. Yana uzito sawa na kifungu? Babu aliona kwa macho yake, ila aliona kambi moja. Kifungu kinazungumzia nchi nzima, ila aliyekiandika hakuwepo. Sikuwapa jibu la mwisho. Niliwaambia tu kwamba ukimtumia babu kwenye insha, useme ni babu, na useme alikuwa wapi.

Kuandika kwenyewe kunaongozwa na maswali matatu ambayo kila mtoto ameyaandika ndani ya jalada la daftari lake: Unasema nini? Umekiona wapi? Kinaonyesha nini? Kwa lugha ya watu wazima ni hoja, ushahidi na ufafanuzi. La tatu ndilo gumu. Watoto wakishanukuu kifungu wanadhani wamemaliza, kana kwamba nukuu inajieleza. Nawaambia nukuu haizungumzi, wewe ndiye unayeizungumzia.

Nakubali "mimi naona" kwenye insha hizi. Najua kuna walimu wanaoikata kwa kalamu nyekundu wakisema si lugha rasmi. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, "mimi naona" ndiyo sahihi yake chini ya hoja. Anajua kwamba akishaiandika ataulizwa "umekiona wapi?", na hawezi kujificha nyuma ya "inasemekana" au "ni muhimu sana". Atakapofika sekondari atafundishwa njia nyingine za kusema hivyo. Kwanza awe na cha kusema.

Hii ni rasimu ya kwanza ya yule binti wa dirishani:

"Mkonge ni zao muhimu. Mkonge ulidorora kwa sababu ya kamba za viwandani na Azimio la Arusha na bei. Natoa wito kwa serikali iwasaidie wakulima wa mkonge."

Na hii ni rasimu aliyoifikia baadaye, nimerekebisha tahajia tu:

"Mimi naona bei ndiyo iliyoanza kuumiza mkonge. Kifungu cha pili kinasema bei ilishuka miaka ileile kamba za viwandani zilipoenea, na hiyo ni kabla ya 1967. Hii inaonyesha kwamba mashamba yalipochukuliwa, mkonge ulikuwa umeshaanza kuumwa. Lakini kifungu hakisemi mashamba yaliendeshwaje baada ya kuchukuliwa. Kwa hiyo siwezi kusema bei peke yake ndiyo iliyoua."

Nimeisoma aya hiyo mara nyingi. Angalia "umeshaanza kuumwa": hakuna aliyemfundisha, ni yake. Na angalia sentensi mbili za mwisho. Mtoto wa darasa la sita amejua ushahidi wake unaishia wapi, akasimama hapo. Kuna ripoti za watu wazima ambazo hazina sentensi kama ile. Alipoisoma kwa sauti, yule mvulana wa Azimio la Arusha aliomba kuandika upya ya kwake. Hakubadilisha msimamo, na sikutaka abadilishe. Aliandika kwamba bei ilishuka kweli, lakini nchi nyingine nazo zilipata bei hiyohiyo, kwa hiyo lazima kuna sababu ya ndani pia. Hilo la nchi nyingine kifungu hakikulitaja. Alilifikiria mwenyewe, na pembeni nikamwandikia: utalipata wapi? Sasa anazungukia maktaba ya kata akitafuta kitu kuhusu Brazili.

Si wote wanaofika huko. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sabini, na wapo wanaosoma kwa shida, silabi kwa silabi. Hao siwaachi nje ya uchambuzi. Nawaondolea mzigo wa kusoma kwanza. Wanasomewa kifungu na mwenzao, wanapanga vipande viwili au vitatu tu, na wanasema hoja yao kwa mdomo huku mwenzao akiandika. Kisha wananakili walichokisema. Kwa kuanzia nawapa mwanzo wa sentensi: "Mimi naona ... Kifungu kinasema ... Hii inaonyesha ..." Nafuta sehemu moja moja ubaoni kadiri wanavyozoea, nikianza na ya mwisho. Wengine wanahitaji muhula mzima na hakuna ubaya wowote.

Kuhusu kusahihisha, kwa kuwa najua hilo ndilo kila mwalimu analiwaza: sisahihishi insha sabini nzima. Nasoma aya moja tu ya kila mtoto, ile ya ushahidi, na pembeni naandika namba 1, 2 au 3 kuonyesha ni swali lipi kati ya yale matatu halijajibiwa. Tahajia naziacha kwa siku nyingine, kwa sababu daftari likirudi limejaa wekundu mtoto anasahihisha herufi na kuacha hoja ilivyo. Kazi kubwa zaidi inafanywa na wao kwa wao. Wanabadilishana madaftari, na msomaji haruhusiwi kuandika "vizuri" wala "hongera". Anaandika kitu kimoja tu chini ya insha ya mwenzake: insha hii inajibu swali gani? Kama swali aliloliandika si lile lililotolewa ubaoni, mwandishi anajua kwamba amepotea njia, na amejulishwa na mtu wa umri wake, si mimi. Kwa wale wa "mkonge ni zao muhimu sana", wenzao wote waliandika swali lilelile: "Mkonge una faida gani?" Hakukuwa na haja ya mwalimu kusema lolote. Waliinama, wakafungua ukurasa mpya.

Tulichoanza wiki hii ni kigumu zaidi. Nimewaandikia kifungu kuhusu Amani, kule milimani tunakokuona tukiwa uwanjani: Wajerumani walivyoanzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902, mimea ya kigeni iliyoletwa kujaribiwa, baadhi yake kuenea msituni na kubana ya asili, na eneo kufanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Nimekichanganya makusudi. Kinaanza kama masimulizi, katikati kinakuwa chanzo na matokeo, mwisho kinaelekea kwenye suluhisho. Hadi kipindi kinakwisha jana, chini ya manila kulikuwa na maswali matatu tofauti na hakuna kundi lililokubali kufuta la kwake. Kundi moja limependekeza kwamba kifungu kimoja kinaweza kujibu maswali mawili, moja kubwa na jingine dogo ndani yake. Nimewaambia walete sentensi za kuthibitisha hilo.